Kufanya kazi ya utafiti na tathmini ya elimu Lubumbashi: mwongozo kamili, kutoka chuoni hadi ripoti ya mwisho

Ukishika barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi, kisha ukaendelea hadi Fungurume na Kolwezi, utaona shule nyingi zenye kibao ukutani: imejengwa na kampuni fulani ya madini, au na shirika fulani. Vyumba sita, madawati, vyoo, pampu ya maji. Ripoti za miradi hiyo huhesabu vyote hivyo bila kusahau hata bawaba za milango. Swali moja hukosa jibu mara nyingi: mtoto wa mwaka wa nne katika jengo lile anaweza kusoma aya moja ya Kiswahili na kueleza alichosoma?

Kulijibu swali hilo ni kazi ya mtu, na ni kazi inayolipwa. Nimeandika mwongozo huu kwa kijana wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anayemaliza chuo, na pia kwa mwalimu mzoefu anayetaka kugeukia upande huu. Ninaamini kabisa kwamba mtu wa hapa anayejua Kiswahili cha watoto wa Katuba na Ruashi, na anayejua pia hesabu za sampuli, atafanya tathmini bora kuliko mtaalamu anayeshuka uwanja wa ndege wa Luano kwa siku kumi. Lakini vyote viwili lazima viwepo. Lugha peke yake itakufanya mkalimani wa mwenzako, na hesabu peke yake itakupa namba safi zilizotokana na maswali ambayo watoto hawakuyaelewa.

Kazi zenyewe, na nani huzilipia

Zipo kazi tatu zinazochanganywa. Mtafiti wa elimu hutafuta ujuzi mpya: kwa nini wasichana wa Pweto huacha shule, au ni njia gani ya kufundisha kusoma inayozaa matunda. Mtathmini hupima mradi mmoja: ulifanya ulichoahidi, na watoto walipata nini? Mshauri wa kitaaluma huwasaidia wakuu wa vyuo na shule kurekebisha mitaala, vipimo na mipango yao. Hapa kwetu mtu mmoja hufanya zote tatu kwa mwaka mmoja, kwa sababu soko ni dogo. Hata hivyo, unaposaini mkataba ujue ni kofia ipi umeivaa, maana mtathmini aliyeshauri mradi jana hawezi kuupima mradi uleule leo.

Kwa muda mrefu walipaji wakubwa walikuwa wafadhili wa nje. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulifundisha kusoma kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, na ulihitaji vikosi vya watu wa kupima usomaji. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikaacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Anayejenga kazi yake leo kwa kungoja fedha hizo zirudi anajipotezea miaka.

Katanga ina mlango mwingine. Sheria Na. 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kanuni ya Madini ya 2002, inazitaka kampuni zinazochimba zitenge angalau 0.3% ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya jamii, na zisaini na wenyeji hati ya ahadi inayoitwa cahier des charges. Mrabaha wa madini nao una mgawanyo wake: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa mkoa, 15% kwa mamlaka ya eneo linalochimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sehemu ya fedha za jamii huishia kwenye shule na vituo vya afya. Soma hati hizo za ahadi. Tafuta ahadi za elimu zilizomo, uone ni zipi zimewekewa kipimo cha kujifunza. Ukikuta kipimo pekee ni idadi ya vyumba, hapo pana kazi ya kupendekeza: nenda kwa kamati inayosimamia fedha hizo na karatasi ya kurasa mbili inayoeleza namna ya kupima usomaji katika shule zao, kwa bei gani, kwa wiki ngapi.

Wengine wanaolipa ni UNICEF na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, mashirika ya kiraia, na uratibu wa shule za makanisa. Matangazo yao hutoka kwenye tovuti za MediaCongo, ReliefWeb na UNGM. Fungua kurasa hizo kila Jumatatu asubuhi.

Hatua ya kwanza: ijue shule ya Kongo kabla ya kuipima

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Utekelezaji wake, ule tunaouita gratuité, ulianza Septemba 2019, na madarasa mengi yakajaa. Hii ni hatari kwa mtathmini asiyejua historia. Ukilinganisha alama za 2018 na za 2022 katika shule ileile, unalinganisha makundi mawili ya watoto yasiyofanana: la pili lina watoto ambao zamani wangebaki nyumbani kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule. Alama zikishuka, usikimbilie kusema mwalimu ameharibika.

Shule ya umma si moja. Kuna zinazosimamiwa moja kwa moja na serikali, na kuna zile za mkataba, conventionnées, zinazosimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti, Waislamu na wengine kwa misingi ya mkataba wa mwaka 1977. Kwa hiyo ruhusa ya mkurugenzi wa mkoa wa elimu, PROVED, haitoshi. Bila barua ya mratibu wa kanisa husika, direkta wa shule atakupa kiti na soda, lakini hatakupa daftari la majina. Kumbuka pia kwamba mkoa wa elimu na mkoa wa utawala si kitu kimoja. Mkoa mmoja wa utawala unaweza kuwa na mikoa ya elimu zaidi ya mmoja.

Halafu jifunze mishahara. Orodha ya walimu wanaolipwa inashikwa na DINACOPE, idara ya mishahara ya walimu iliyoitwa zamani SECOPE, na shule nyingi zina walimu wanaoitwa NU na NP: wapya ambao hawajaingizwa kwenye orodha, na wale ambao hawalipwi. Dodoso la mwalimu lisilouliza jambo hilo limeacha nje kitu kinachoeleza mengi ya yanayotokea darasani.

Hatua ya pili: masomo

Njia ya kawaida Lubumbashi ni Kitivo cha Saikolojia na Sayansi ya Elimu cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), au ISP, chuo cha juu cha ualimu, kwa wale wa ualimu. Lakini nimeona waliotoka Institut Supérieur de Statistique wakifanya vizuri sana, kwa sababu walikuwa na kitu ambacho wengi wetu wa elimu tunakikimbia, yaani takwimu. Tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uanze kutumika nchi nzima mwaka wa masomo 2021-2022, una nafasi ya kuchanganya: licence ya elimu, kisha master yenye takwimu au sera za umma.

Chochote utakachosoma, usitoke chuoni bila kuweza kufanya haya kwa mikono yako: kuchagua sampuli, kusafisha jedwali la data, kulinganisha wastani wa makundi mawili, na kusoma matokeo ya rigresheni. Excel itakutosha mwanzo. Baadaye jifunze R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Kwa ukusanyaji wa data jifunze KoboToolbox: unatengeneza dodoso, unaliweka kwenye simu, unakusanya majibu porini bila mtandao, na unayatuma ukirudi mjini.

Memwari yako, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, ndiyo kazi ya kwanza utakayomwonyesha mteja, basi usiitupe kwa kuandika maoni ya walimu hamsini kuhusu gratuité. Chagua shule kumi na mbili za Kampemba na Annexe, pima kitu kimoja kwa uangalifu, na andika ulivyopima. Soma pia waliotangulia. Observatoire du Changement Urbain ya UNILU ilifanya tafiti za kaya za Lubumbashi ambazo hadi leo zinafundisha namna ya kumuuliza baba wa nyumba kuhusu pesa bila kumfukuza. Soma ripoti ya PASEC 2019, upimaji wa wanafunzi wa shule za msingi katika nchi zinazotumia Kifaransa, ambao Kongo ilishiriki pamoja na nchi nyingine kumi na tatu. Anza na sura inayoeleza sampuli, ndipo usome matokeo.

Hatua ya tatu: anza chini

Anza kama mdodosaji. Sisemi hivyo kwa ajili ya unyenyekevu. Huwezi kuandika dodoso zuri kama hujawahi kukaa chini ya mwembe huko Kasenga ukimuuliza bibi swali la mistari mitatu, ukaona anavyokutazama. Fanya kazi hiyo katika tafiti tatu au nne, kisha omba kuwa msimamizi wa kikosi, kisha msimamizi wa data. Katika kila utafiti omba uhifadhi nakala ya dodoso na mwongozo wa mafunzo, mteja akikubali. Hivyo ndivyo maktaba yako itakavyojengeka.

Hatua ya nne: soma hadidu za rejea kwa jicho kali

Hadidu za rejea, zile TDR tunazopokea kwa barua pepe, zina maswali mengi kuliko fedha. Karibu zote zinafuata vigezo vya tathmini vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea. Mwaka 1991 vilikuwa vitano: ufaafu, ufanisi wa malengo, matumizi mazuri ya rasilimali, athari na uendelevu. Mwaka 2019 ukaongezwa wa sita, yaani uwiano wa mradi na kazi nyingine zinazofanyika mahali pale. Mteja huandika vyote sita, kila kimoja na maswali matano, kisha anakupa siku ishirini na tano.

Chora jedwali. Safu ya kwanza ni swali, ya pili ni ushahidi utakaolijibu, ya tatu ni atakayeutoa, ya nne ni siku zitakazotumika. Ukifika mwisho utaona kwamba maswali kumi hayana ushahidi wowote unaoweza kupatikana. Mwambie mteja hivyo katika pendekezo lako, kwa adabu na kwa maandishi, na uchague naye maswali saba au manane yatakayojibiwa vizuri. Wateja wengi hukubali. Asiyekubali hata kidogo anatafuta karatasi ya kupeleka kwa wakubwa wake, na jina lako litakuwa juu ya karatasi hiyo.

Uliza pia jambo moja kabla ya yote: je, kulikuwa na kipimo cha mwanzo? Mradi wa miaka mitatu ambao haukupima watoto siku ya kwanza hauwezi kusema siku ya mwisho kwamba umewainua. Utaweza kueleza hali ya sasa na kulinganisha na shule jirani, lakini neno athari liwekwe kando.

Hatua ya tano: sampuli, mahali ambapo tathmini nyingi hufa

Katika memwari nyingi utakuta namba 384. Imetoka kwenye hesabu halali: ukichagua watu 384 kwa kubahatisha kutoka umma mkubwa, makadirio yako ya asilimia yatakuwa na kosa la 5% juu au chini, kwa uhakika wa 95%. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadhani kila mtoto amechaguliwa peke yake kutoka mkoa mzima. Sisi hatufanyi hivyo. Tunachagua shule, kisha watoto ndani ya shule. Na watoto wa shule moja wanafanana: mwalimu mmoja, vitabu vilevile, mtaa mmoja, njaa ileile ya saa nne.

Chukua mfano. Una uwezo wa kupima watoto 400. Tuseme kiwango cha kufanana kwa watoto wa shule moja ni 0.2, namba isiyo ya ajabu katika elimu. Hesabu ni hii: toa 1 kwenye idadi ya watoto kwa kila shule, zidisha kwa 0.2, ongeza 1. Ukienda shule 10 na kupima watoto 40 kila moja, unapata 8.8. Gawa 400 kwa 8.8: sampuli yako ina uzito wa watoto 45 tu. Ukienda shule 40 na kupima 10 kila moja, unapata 2.8, na sampuli yako ina uzito wa watoto 143. Watoto ni walewale 400, lakini ujuzi unaoupata umezidi mara tatu.

Shule 40 zina gharama, najua. Ni mafuta, ni siku, ni pikipiki za kukodi baada ya mvua kukata barabara. Lakini hapo ndipo pa kubishana na mteja kuhusu bajeti. Mweleze kwa namba hizo hapo juu, kwa sababu mhasibu hahitaji kujua takwimu ili aelewe 45 na 143. Ukilazimika kupunguza, punguza idadi ya watoto kwa shule, punguza kurasa za dodoso, punguza mahojiano ya ofisini. Shule zipunguzwe mwisho kabisa.

Ndani ya shule, usikubali mwalimu akuchagulie watoto. Atakuletea wale wenye yunifomu safi, na simlaumu, maana anaipenda shule yake. Chukua daftari la mahudhurio, hesabu waliopo, chagua kwa kuruka namba au kwa kura mbele ya darasa. Andika pia idadi ya walioandikwa na idadi ya waliopo siku hiyo. Karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo, au wakati wa kulima, tofauti ya namba hizo mbili ni matokeo muhimu kama alama zenyewe.

Amua mapema utafanya nini shule ikikosekana. Shule ya akiba iwe imechaguliwa pamoja na zile za kwanza, kwa utaratibu uleule. Isiwe ile iliyo kando ya lami.

Hatua ya sita: kipimo kiseme lugha ya mtoto

Hapa ndipo mtu wa Lubumbashi anapokuwa na faida ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua, na ndipo ninapoona tukijidharau zaidi.

Kipimo kinachotumika sana cha usomaji wa madarasa ya chini ni EGRA: mtoto anakaa na mpimaji mmoja, anataja herufi, anasoma maneno, anasoma hadithi fupi kwa dakika moja, anajibu maswali. Kuna pia mfano wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, wenye majaribio mafupi, ya Kiswahili katika Kenya na Tanzania, ambayo raia wa kawaida aliyefundishwa anaweza kuyaendesha nyumbani kwa mtoto. Jifunze kutoka kwao, lakini usinakili. Hadithi iliyoandikwa kwa mtoto wa Morogoro itakuwa na maneno ambayo mtoto wa Kenya, komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, hajawahi kuyasikia.

Mtoto wetu nyumbani anasema *batoto banaenda ku masomo*. Kitabu chake kinasema *watoto wanaenda shuleni*. Akikutana na *watoto* akasoma *batoto*, mpimaji afanye nini? Amua kabla ya kwenda shambani, yaani kwenye shule zenyewe kukusanya data, andika katika mwongozo, na wapimaji wote wafuate. Utaratibu mzuri ni kutohesabu matamshi ya nyumbani kuwa kosa mahali ambapo mtoto ameonyesha kwamba amelitambua neno. Usipoamua, mpimaji mmoja atahesabu kosa na mwingine hatahesabu, na tofauti kati ya shule zako itakuwa tofauti kati ya wapimaji wako.

Angalia pia herufi. Mtoto aliyeanza na Kifaransa huiona *u* akaitamka kwa midomo iliyobana, na *ch* akaisoma kama *sh*. Hilo linakuambia amefundishwa kwa lugha gani, kwa hiyo mpe mpimaji nafasi ya kuliandika. Tena usilinganishe kasi ya kusoma Kiswahili na ya Kifaransa kwa maneno kwa dakika. *Hawakutusaidia* ni neno moja. Kwa Kifaransa ni maneno sita. Mtoto atakayesoma maneno 30 ya Kiswahili kwa dakika anaweza kuwa amesoma kazi kubwa kuliko atakayesoma 45 ya Kifaransa, na mfadhili asiyejua Kiswahili hataliona hilo usipomwonyesha.

Usisahau kwamba si kila mtoto wa Haut-Katanga analala akiota kwa Kiswahili. Kasenga na Pweto wapo wengi wanaoanza shule na Kibemba au lugha nyingine ya nyumbani. Maelekezo ya kipimo yatolewe kwa lugha anayoielewa mtoto, hata kama hadithi anayosoma ni ya Kiswahili.

Jaribu kipimo katika shule mbili au tatu ambazo hazimo kwenye sampuli. Kisha wapimaji wawili wampime mtoto mmoja kwa pamoja, kila mtu na simu yake, na linganisha majibu yao. Wasipokubaliana katika vipengele 90 kati ya 100, mafunzo hayajaisha, hata kama gari liko mlangoni.

Na mtoto aombwe ruhusa, kwa maneno anayoyaelewa. Mimi hupenda namna hii: «Jina yangu ni mama Fulani. Tunapenda kujua namna batoto banasoma. Haiko mutihani, haina pointi, na mwalimu hataona majibu yako. Ukichoka, uniambie tu, tunaacha. Unapenda tuanze?» Akinyamaza au akiinamisha kichwa, mshukuru, mrudishe darasani, chukua mwingine kwa kura.

Hatua ya saba: shambani

Usitoke mjini bila ordre de mission, hati ya safari ya kazi, yenye majina ya wote, muhuri na nakala za kutosha. Kila unapofika unaonyesha: kwa msimamizi wa teritwari, kwa chefu wa sekta, kwa ofisi ya elimu ya eneo, na mara nyingi kwa ANR, idara ya usalama wa taifa. Kila mmoja anagonga muhuri wa kufika, na wa kuondoka. Tenga nusu siku kwa kila makao makuu ya teritwari kwa shughuli hiyo. Ukifika kijijini umsalimie papa chefu kwanza, ukae, ueleze umetumwa na nani na kwa nini. Anayelikwepa hilo hupoteza siku mbili akieleza kwa nini alikuwa akipiga picha shule.

Kalenda ni nusu ya kazi. Mwaka wa shule unaanza Septemba, lakini wiki za kwanza madarasa hayajatulia, na migomo ya walimu hutokea hasa wakati huo, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Kuanzia Novemba mvua inakata barabara za Mitwaba na Pweto. Juni ni mitihani ya taifa. Kwa upimaji wa kusoma, Mei ni mwezi mzuri: udongo umekauka, watoto wamesoma karibu mwaka mzima, na direkta bado ana muda wa kukupokea.

Kila jioni msimamizi afungue data ya siku. Dodoso lililojazwa kwa dakika saba wakati mengine yamechukua ishirini na tano lirudiwe kesho yake. Sehemu moja ya kumi ya mahojiano ipigiwe simu au itembelewe tena na mtu mwingine.

Hatua ya nane: hesabu, kisha ripoti

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, watoto wa shule za mradi walikuwa wakisoma maneno 18 kwa dakika mwanzoni, na 31 mwishoni. Meneja wa mradi ataandika: tumeongeza maneno 13. Lakini shule jirani zisizo na mradi zilitoka 20 zikafika 29, kwa sababu watoto hukua na walimu hufundisha hata bila mfadhili. Zimeongeza 9. Mchango unaoweza kuuhusisha na mradi ni 4, tena kama makundi hayo mawili yangekuwa yakienda sambamba bila mradi. Namba 4 ndiyo ya kuandikwa kwenye muhtasari, na ukubwa wa kosa lake kando yake.

Hapo utapigiwa simu. Utaombwa useme 13, au uhamishe 4 kwenye kiambatisho. Jikinge mapema katika mkataba kwa vifungu vitatu: kwamba mteja anaweza kusahihisha makosa ya ukweli lakini hitimisho ni la mtathmini, kwamba asipokubaliana ataandika majibu yake, nayo yatachapwa ndani ya ripoti, na kwamba matokeo yatarudishwa kwa shule zilizopimwa. Ukiwa na vifungu hivyo mazungumzo huwa ya heshima. Ukiwa huna, una njaa yako na simu ya meneja. Kijana atakayesimama kwenye 4 yake atapoteza mteja mmoja au wawili. Nasema hivyo nikijua kodi ya nyumba inavyouma, na bado nasema asimame, kwa sababu kamati ya wazazi itakayoamini 13 haitadai walimu wala vitabu ambavyo watoto wao bado wanavihitaji.

Ripoti iandikwe kwa Kifaransa kama mkataba unavyosema, kurasa 30 hadi 40. Lakini andika pia kurasa mbili za Kiswahili kwa walimu na wazazi, na uzipeleke mwenyewe. Zisome kwa sauti mkutanoni, maana si kila mzazi atazisoma. Maswali ya wazazi siku hiyo mara nyingi huwa mazuri kuliko yale ya TDR.

Ushauri kwa vyuo

Hili nitalipita haraka. Vyuo vingi bado vinahangaika kugeuza mitaala ya zamani kuwa moduli za LMD zenye kredi, na idara nyingi zinahitaji msaada wa kuandika malengo ya kozi na namna ya kuyapima. Walimu wa vyuo nao wanahitaji msaada wa sampuli na uchambuzi kwa tasnifu zao. Kumfundisha mtu achambue data yake ni kazi halali. Kumwandikia memwari ili aitie jina lake si ushauri, hata alipe vipi, na anayeifanya Lubumbashi hujulikana mapema kuliko anavyodhani.

Fedha na karatasi

Kabla ya kuomba mkataba wowote wa maana, uwe na usajili wa biashara, RCCM, kupitia guichet unique, pamoja na kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi. Kampuni za madini hazitafungua hata bahasha yako bila hivyo. Mkipenda kufanya kazi kama timu, anzisheni kampuni ndogo chini ya sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za pamoja za biashara, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012. ASBL ni shirika la kazi zisizo za faida, na kulitumia kama duka kutakuletea matatizo.

Bei ipangwe kwa siku. Hesabu siku za kuandaa, za mafunzo, za shambani, za uchambuzi, za kuandika, na za kurekebisha baada ya maoni ya mteja, ambazo kila mtu husahau. Gharama za shambani ziandikwe kando kabisa na malipo yako, ili mafuta yakipanda usiyalipe kutoka mfukoni. Omba malipo kwa awamu: moja wakati wa kusaini, kubwa kabla ya kikosi kutoka mjini, ya mwisho baada ya ripoti kukubaliwa. Na mkataba useme mteja ana siku ngapi za kutoa maoni. Asipotoa katika siku hizo, ripoti ihesabiwe imekubaliwa. Bila mstari huo, awamu ya mwisho inaweza kukaa miezi.

Ukishalipwa, omba cheti cha kazi iliyokamilika, attestation de bonne fin, chenye muhuri, tarehe na maelezo ya kazi. Kiombe wiki ileile, kabla meneja hajahamishiwa Kinshasa au nje ya nchi. Zabuni nyingi zinadai vyeti viwili au vitatu vya namna hiyo, pamoja na ripoti moja uliyoiandika mwenyewe. Viweke vyote katika faili moja ya PDF, kwa sababu tangazo likitoka Jumatatu utakuwa na siku chache tu za kujibu.